Tuliokwenda hija ya nyayo za Mtume Paulo Ugiriki, tupeane uzoefu

MwanakwayaMstaafu (Moshi)

Wapendwa, habari zenu. Usharikani kwetu wameanza kuchangishana kwa safari ya mwakani: Thesalonike, Filipi, Beroya, Meteora, Athene, Korintho. Kwa kuwa mimi nilishakwenda, kila Jumapili baada ya ibada nazungukwa na watu wanaouliza bei. Bei imo kwenye kipeperushi! Hapa naomba tuambizane yale ambayo kipeperushi hakisemi. Wapi moyo ulishtuka, na wapi ulitarajia makubwa ukakuta mawe?

Naanza. Filipi nilikwenda nimejiandaa kulia gerezani. Wimbo wa Paulo na Sila usiku wa manane tumeuimba kwaya nzima tangu nikiwa binti. Kufika, tunaonyeshwa kijishimo cha mawe, tena wataalamu wenyewe wanasema lilikuwa tangi la maji la Warumi, ugereza wake ni mapokeo tu. Nikachungulia, mtalii wa nyuma ananisukuma na begi lake mgongoni. Sikulia.

Tukapanda basi hadi mtoni, pale panaposemwa Lidia alibatizwa. Wapendwa, ule "mto" ungeukuta Kilema ungesema ni mfongo wa kumwagilia migomba. Maji yake baridi na yanakwenda kasi, kivuli tele, na wamejenga ngazi za mawe za kushukia. Nikavua viatu. Nikawa namfikiria huyu mama, mgeni kutoka Thiatira, anauza rangi ya zambarau, ana nyumba yake mwenyewe, anawaambia mitume njoni mkae kwangu, na Luka anaandika kwamba akawashurutisha. Mama yangu alinisomesha kwa kuuza mitumba Kiboriloni, na wageni wa kanisa walilala kwetu kwa amri yake, hakuna wa kumbishia. Nililia hapo, miguu ikiwa majini, hadi mchungaji akadhani nimejikata.

MsafiriWaNakuru

Mimi yangu ni ya aibu. Areopago, Athene. Ule mwamba umekanyagwa karne na karne hadi umekuwa laini kama sabuni iliyolowa. Kuna ngazi ya chuma pembeni, lakini nikasema Paulo hakupanda ngazi ya chuma. Nilikuwa na viatu vyangu vya kanisani, soli ya ngozi. Nilishuka kwa makalio mbele ya kikundi kizima cha Wakorea, nao wakapiga makofi.

Nilipoinuka nikaona hotuba yote ya Matendo 17 imebandikwa kwenye bamba la shaba, kwa Kigiriki. Juu, vijana wamekaa na bia na gitaa wakingoja jua litue. Mzee mmoja wetu alichukia sana, akasema mahali patakatifu pamechafuliwa. Mama mchungaji akamfungulia mstari wa 21, ule wa Waathene na wageni wao kutokuwa na nafasi ila ya kupeana habari mpya. Akamwambia, "Baba, basi hakijabadilika kitu. Nenda ukawahubirie." Mzee hakwenda, ila alinyamaza.

Ukiwa pale geuza shingo uitazame Parthenoni, lile hekalu la kale. Nilikuwa sijui kwamba kwa karne nyingi lilikuwa kanisa la Bikira Maria, kisha likawa msikiti.

WakiliWaMkoani

Korintho, na sababu zangu ni za kikazi, mnisamehe. Bema ipo hadi leo katikati ya soko la kale, jukwaa la mawe ambapo Paulo alisimamishwa mbele ya Galio, liwali wa Kirumi. Someni Matendo 18 kwa makini. Paulo anataka kufungua kinywa ajitetee, Galio anaiondoa kesi hapo hapo: haya ni mabishano ya maneno na majina na sheria yenu, angalieni wenyewe. Yaani mahakama haina mamlaka, mshtakiwa hajasema hata neno! Nimewahi kushinda kesi mbili tatu kwa pingamizi la awali, na nilisimama pale nikitabasamu peke yangu.

Na huyu Galio si wa kusadikika tu. Delphi yalipatikana maandishi ya Kaisari Klaudio yanayomtaja, na kwa hayo wasomi huuweka uliwali wake wa Akaya, jimbo lenye Korintho, kwenye mwaka 51 au 52 hivi. Tarehe nyingi za maisha ya Paulo zinahesabiwa kuanzia hapo.

Kenkrea, bandari alikotoka Fibi wa Warumi 16, dereva alipita tu akatuonyesha kwa kidole. Muombeni asimame.

MtotoWaRiruta (Nairobi)

Bwana asifiwe. Mimi ni Morthodoksi, kwa hiyo yangu ni tofauti kidogo. Tulikuwa na ndugu wa makanisa mbalimbali. Thesalonike, kanisa la Mtakatifu Dimitrio, lile lililoungua kwenye moto wa 1917 wakalijenga upya, tulifika liturujia ikiendelea. Wenzangu wakabaki nje kupiga picha. Mimi niliingia. Kigiriki sijui, lakini kila hatua naijua, wapi tunajipiga ishara ya msalaba, wapi tunainama. Wakiimba "Kyrie eleison" mimi chini kwa chini najibu "Bwana hurumia" vile tunaimba nyumbani. Mwishoni, nyanya mmoja aliyevaa nyeusi tupu alikata kipande cha mkate wake uliobarikiwa akanitilia mkononi, akaukunja mkono wangu kama mtu anayempa mtoto sarafu.

Nikatoka nikamkuta muongozaji akieleza "jinsi Wakristo wa kale walivyoabudu". Nikasema moyoni, wa kale gani, si wako ndani?

MuuguziUjerumani

Mimi sikwenda na kikundi. Niko Hamburg, kwa hiyo visa haikunisumbua, nikapanda ndege hadi Thesalonike, kisha basi la kawaida hadi Beroya, ambayo leo inaitwa Veria. Vikundi hukaa pale dakika ishirini: ukumbusho wa Paulo wenye picha za vigae, picha ya pamoja, twendeni. Mimi nilikaa siku mbili. Teremka mtaa wa zamani wa Wayahudi, unaitwa Barbouta, nyumba zake zimepangana kuzunguka uwanja mdogo, na sinagogi iko kando ya mto. Hiyo si ile aliyohubiri Paulo, ni ya karne ya 19. Lakini Wayahudi wa mji huu, warithi wa wale tunaowasifu kila siku kwamba waliyachunguza maandiko, walichukuliwa na Wanazi mwaka 1943. Sinagogi ipo, wa kusali ndani yake hawapo. Mimi naishi Ujerumani. Nilikaa kwenye ngazi muda mrefu.

KijanaWaParokia (Dar)

Naomba niwatahadharishe wanaopanga. Wakala wetu, simtaji, alituuzia safari ya "Ugiriki na Efeso na kurudi Athene". Efeso iko Uturuki, jamani! Visa ya Schengen (ya nchi za Ulaya, Uturuki haimo) tuliyopewa ilikuwa ya kuingia mara moja. Ukitoka kwenda Uturuki, kurudi Athene huwezi. Tuligundua siku nne kabla ya safari, Efeso ikafutwa, hela haikurudi. Hakikisheni visa ni ya kuingia zaidi ya mara moja, na ile ya Uturuki muiulizie mapema. Bima ya safari nayo isipungue euro 30,000, bila hiyo hawapokei fomu.

BintiYake

Shikamooni. Nataka kumpeleka mama, ana miaka 71 na goti bovu. Meteora, kule kwenye nyumba za watawa juu ya miamba, ataiweza? Nimeona picha, nimeogopa.

MwanakwayaMstaafu

Marahaba mwanangu. Zamani watawa wenyewe walipandishwa kwa nyavu na kamba, ukiona miamba ile utaelewa kwa nini. Nyumba sita bado zina watawa. Ile kubwa, Meteoro Kuu, ina ngazi nyingi mno, goti halitakubali. Mpeleke Mtakatifu Stefano, ya watawa wa kike: basi linasimama karibu kabisa na mnavuka kidaraja tu. Korintho avae raba, Areopago abaki chini na Msafiri wa Nakuru.

Na suruali huko hawaruhusu kwa mwanamke. Mlangoni wanatoa vitambaa vya kujifunga, vimeshavaliwa na watu mia tangu asubuhi. Mwambie atie kitenge kwenye mkoba wa mkononi. Cha kwangu mtawa mmoja alikishika pindo, akakigeuza, akaniuliza kwa ishara kama naweza kumwachia. Nikamwachia.