Samaki wa kundi kwa tangi la sm 120, maji ya Tanganyika: yupi anafaa?

Katonga_Kioo
Wakuu, salaam. Tangi lipo Kigoma mjini: urefu sm 120, upana 40, kimo 45. Kwa hesabu ni lita 216, ila ukitoa mchanga na mawe yanabaki maji kama lita 175. Mawe yamepangwa hadi nusu ya kimo, na humo wanakaa Julidochromis wawili, samaki wa mawe, dume na jike. Juu ni peupe. Natafuta samaki wa kuogelea kwa kundi hapo juu bila kuwasumbua wa chini. Nimebakiza wanne: Cyprichromis leptosoma, Paracyprichromis nigripinnis, Lamprichthys tanganicanus na Neolamprologus brichardi. Dagaa nimekatazwa nisiguse kabisa. Nichukue yupi, na wangapi?

Mwamba_wa_Ziwa
Mkuu, mtoe brichardi kwanza. Huyo ni samaki wa ukoo. Wawili wakishikana wanataga pangoni, watoto wa kwanza wanabaki kulinda wa pili, wa pili wanalinda wa tatu, na kila uzao unasogeza mbele mpaka wa eneo lao. Kwenye sm 120 hao Julidochromis wako wataishia kona ya juu nyuma ya bomba la filta, mapezi yamechanika. Brichardi ni mzuri mno, ila apewe tangi lake peke yake.

Waliokukataza dagaa walikuambia kweli. Magamba yanapukutika kwa kuguswa na wavu tu, na aliyepukutika magamba hadumu.

Mimi nasema Cyprichromis, lakini kwa masharti. Anafika sm 10 hadi 11. Wale wanaouzwa kwa jina la jumbo wanapita hapo, waache. Chukua 10 hadi 12, madume yawe 3 au 4. Wakiwa wanne watano tu, dume mkubwa anampata mmoja wa kumfukuza kutwa nzima, na huyo utamkuta amejibana juu kwenye kona, rangi imemtoka. Madume yakiwa matatu au manne ugomvi unagawanyika, kila mmoja anashika kipande chake cha maji na kukilinda. Usishtuke kuona mkia wa njano kwa huyu na wa buluu kwa yule, ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa angalia mawe yako. Jike wa Cyprichromis hatagi kwenye jiwe. Anaachia yai katikati ya maji, linaanza kuzama, anageuka kichwa chini na kulidaka kwa mdomo, ndipo anaachia jingine. Wewe umebakiza sm 22 tu juu ya mawe. Yai likimponyoka linaangukia mdomoni mwa Julidochromis. Shusha mawe upande mmoja, theluthi mbili za urefu wa tangi zibaki wazi hadi karibu na mchanga.

Dada_Kibirizi
Kuhusu brichardi niko na kaka Mwamba. Kuhusu Cyprichromis kwenye tangi hili, hapana. Sm 120 ndio mwisho wake wa chini kabisa. Ni samaki wa mbio, na raha yake inaonekana kuanzia sm 150.

Tangi hili ni la Paracyprichromis nigripinnis. Urefu wa mwili karibu sawa, tabia mbali kabisa: ametulia, hahitaji uwanja, anachohitaji ni ukuta wa jiwe. Simamisha mawe bapa mawili matatu yawe kama ukuta, mengine yaegemee yafanye paa. Utaona kundi limeelekeza matumbo kwenye jiwe, na chini ya paa wanaogelea chali, mgongo ukitazama mchanga. Hawaumwi, ndivyo walivyo. Wanane wanatosha, madume 2 au 3.

Wengi wanamkosea kwenye taa. Chini ya taa kali nyeupe anapauka anakuwa rangi ya udongo, mwenye tangi analalamika kauziwa samaki mbovu. Punguza taa, au weka majani yanayoelea yafunike nusu ya uso wa maji. Mwanga ukiwa hafifu, ile michirizi ya buluu inawaka ubavuni kuanzia kichwani hadi mkiani, na ukingo wa mapezi nao unang'aa.

Anakula polepole. Chakula kiwe chembe ndogo zinazozama taratibu: artemia na dafnia (vidudu vidogo vya majini), chembechembe za milimita 1. Mara 2 au 3 kwa siku, kidogo kidogo. Nyama ya ng'ombe au kuku usithubutu: tumbo linavimba, kinyesi kinakuwa cheupe kama uzi, na akifika hapo mara nyingi harudi.

Tabora_Maji
Ninyi wa Kigoma maji mnayo mlangoni. Huku Tabora maji ya bomba yanatoka Ziwa Victoria, madini yake ni machache, lazima tuyatengeneze. Kwa lita 20: kijiko 1 cha chai cha baikaboneti ya soda, kijiko 1 cha chakula cha chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesi), kijiko 1 cha chai cha chumvi ya bahari ya kuwekea matangi. Chumvi ya mezani haishiki nafasi ya hiyo. Koroga kwenye ndoo, pima, ndipo umimine; usimwage unga ndani ya tangi lenye samaki. Na usiku wa Juni na Julai hita ni lazima, joto libaki nyuzi 24 hadi 26.

Jambo linaloua kundi zima kwa siku moja ni amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki wenyewe. Kwenye nyuzi 25, pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9, ambayo ndiyo ya ziwa letu, ni karibu asilimia 36. Kipimo cha amonia ambacho mwenye maji ya pH 7 anakivumilia, kwako ni msiba. Filta ikomae wiki 4 hadi 6 kwanza, bakteria wanaokula amonia waote humo, amonia na naitraiti (sumu inayotokana na amonia) zisome sifuri, ndipo uingize kundi lote kwa pamoja.

Hiyo hiyo ndiyo sababu ya samaki kufika Tabora kwa treni wazima na kufa nusu saa baada ya mfuko kufunguliwa. Njiani wanapumua, hewa chafu inajaa majini, pH inashuka, amonia inalala. Ukifungua mfuko hewa ile inatoka, pH inapanda, amonia inaamka na samaki wamo humo humo. Acha mfuko uelee tangini ukiwa umefungwa dakika 15 joto lilingane, fungua, watoe kwa wavu, waingie tangini mara moja. Maji ya mfuko mwaga nje. Kabla ya safari wasile siku 2, na mfuko uwe theluthi ya maji, theluthi mbili oksijeni.

Katonga_Kioo
Asanteni sana. Maswali mawili. Je, naweza kuchanganya, sita na sita? Na maji ya ziwa niyamimine moja kwa moja? Lamprichthys naona mmemruka.

Dada_Kibirizi
Usichanganye. Cyprichromis watamaliza chakula juu kabla hakijawafikia wenzao.

Lamprichthys anang'aa kwa vidoti vya buluu kuliko wote, lakini anapita sm 12, anashtuka kwa kivuli cha mtu, na ukimshika kwa wavu anaweza kufa mkononi. Ukitaka kumhamisha, mkinge kwa chombo akiwa na maji yake. Si wa tangi hili.

Maji ya ziwa ni mazuri, ila yachote mbali na bandari na mialo, siku isiyo na mvua wala tope. Yapitishe kwenye kitambaa kizito, yakae saa 24 na pampu ya hewa. Badilisha asilimia 20 hadi 25 kila wiki.

Mwamba_wa_Ziwa
Dada kanishawishi kwa kimo hicho cha mawe. Kama huyashushi, chukua Paracyprichromis wanane.

Wanaponunuliwa kwa wapiga mbizi, uliza wamepandishwaje. Wanakaa kina kirefu; akivutwa juu haraka kibofu cha hewa kinavimba, anaelea kichwa chini mkia juu. Wanaojua kazi wanawapandisha kwa hatua, ndani ya pipa lenye matundu, mita chache kwa siku. Mtazame kabla hujalipa: akiacha kupiga mapezi abaki alipo, asipande kama kizibo. Muuzaji awe na leseni ya uvuvi wa samaki wa mapambo, na wasiwe wametoka hifadhini. Hifadhi ya Milima ya Mahale ina ukanda wake wa maji wa kilomita 1.6 kutoka ufukweni.

La mwisho ni mfuniko. Hawa wote wanaruka, hasa taa ikiwashwa ghafla gizani. Ziba hata tundu la bomba, kipande cha neti ya mbu kinatosha. Na umeme ukikatika usiku, pampu ndogo ya hewa ya betri yenye filta ya sponji iwe imeshaunganishwa, usianze kuitafuta kwa tochi.