Mada: Barua ya MinnesotaCare, na huyu Melissa Hortman alikuwa nani?

Kutoka: Kaka wa Zane

Hamjambo wakubwa zangu, na shikamooni mnaostahili. Mimi ni mgeni humu. Nimehamia Brooklyn Park, Minnesota, mwaka huu wa 2025 kutoka Texas, naishi kwa shangazi. Juzi ameletewa barua kwamba bima yake ya afya ya MinnesotaCare, ile inayotolewa na jimbo, inakoma tarehe 31 Desemba 2025. Hana makaratasi, ana kisukari, na kadi yenyewe aliipata Januari hii hii.

Nilipouliza kazini nani kaamua hivyo, mmoja akasema Bunge, mwingine akasema Trump, wa tatu akataja Hortman kisha akanyamaza. Naombeni mniweke sawa: shangazi afanye nini, huyo Hortman alihusika vipi, na mimi mwenye grini kadi naruhusiwa kupiga kura ya jimbo au hapana?

---

Kutoka: Mama Neema

Marahaba mwanangu, karibu Minnesota, nunua koti.

Nianze na dawa, siasa itasubiri. Kadi ya shangazi bado inafanya kazi, basi aitumie. Amuone daktari sasa, si wiki ya Krismasi. Apimwe macho, figo na miguu, na aombe kuandikiwa dawa za miezi mitatu kwa mpigo kama itakubalika. Halafu ajiandikishe kwenye kliniki ya jamii inayotoza kwa kadiri ya kipato. Huko wanachotaka kujua ni mapato yako na watu mnaoishi nyumba moja. Kuna pia msaada wa serikali wa matibabu ya dharura kwa wasio na makaratasi, lakini huo ni wa dharura kweli, haukununulii vidonge vya kila mwezi.

Kama kuna watoto hapo nyumbani walio chini ya miaka 18, wao hawakuguswa. Na wakubwa wenye hadhi halali sheria hiyo haikuwalenga. Nasema hivi kwa sababu nimesikia watu wameanza kutupa kadi zao kwa hofu tu.

La Hortman namwachia Mwalimu, najua kalamu inamwasha.

---

Kutoka: Mwalimu mstaafu

Inawasha kweli.

Kaka, yule aliyekutajia Hortman akanyamaza hakukosea kukutajia, na naelewa kwa nini alinyamaza. Melissa Hortman alikuwa jirani yetu hapa Brooklyn Park. Alizaliwa Fridley mwaka 1970, akasoma sheria Chuo Kikuu cha Minnesota, akamaliza 1995. Kabla ya siasa alikuwa wakili wa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Mwaka 1997 alimshindia mteja kesi ya kubaguliwa katika kupangishwa nyumba, na fidia waliyoitoa wazee wa baraza ilikuwa kubwa kuliko zote za kesi za namna hiyo jimboni hadi wakati huo. Kwa hiyo habari za mwenye nyumba anayekwambia chumba kimeshachukuliwa akisikia lafudhi yako, hakuzisoma gazetini.

Sasa uchaguzi. Aligombea Baraza la Wawakilishi la jimbo mwaka 1998, akashindwa. Akarudi 2002, akashindwa tena. Mwaka 2004 akarudi mara ya tatu na kumwangusha Stephanie Olsen wa Republican aliyekuwa kitini. Tangu hapo hakushindwa tena: uchaguzi ni kila baada ya miaka miwili, naye alishinda 11 mfululizo hadi 2024. Ukitazama kumbukumbu utaona eneo bunge lake linaitwa 47B, kisha 36B, kisha 34B, ukadhani alikuwa anahamahama. Alikuwa anabaki vitongoji hivi hivi vya kaskazini. Kila baada ya sensa mipaka huchorwa upya na namba hubadilika, ndiyo sababu namba aliyokupa rafiki yako mwaka 2020 leo haina maana.

Miaka ya kwanza hakuwa mtu wa vichwa vya habari. Sheria ya umeme wa jua ya 2013, ile iliyoyataka makampuni makubwa ya umeme yapate asilimia 1.5 kutoka jua ifikapo 2020 na ikaruhusu watu kuchangia mashamba ya sola, ina mkono wake. Nani kati yetu alijua?

Jina lake lilianza kuvuma Aprili 2017. Wakati huo alikuwa kiongozi wa walio wachache. Ukumbini ulikuwa unajadiliwa mswada wa kuongeza adhabu kwa waandamanaji wanaofunga barabara kuu. Wabunge wanawake, wengi wao weusi na wenye asili ya Wahindi Wekundu, walikuwa wakisimama mmoja mmoja kutoa hotuba nzito, na viti vikiwa vitupu. Hortman akaomba utaratibu wa kuwaita wabunge wote warudi ndani. Akasema anasikitika kuuvunja mchezo wa karata wa wanaume weupe asilimia mia moja kule chumba cha mapumziko, lakini mjadala huu ni muhimu. Mbunge mmoja mwanamume akamtaka aombe radhi. Akajibu kwamba hana nia yoyote ya kuomba radhi, akaanza kuwataja kwa majina wanawake waliotoa hotuba huku wenzao hawapo. Mimi nimekaa vikao vya walimu miaka mingi, najua ugumu wa kusema neno kama hilo na kubaki umesimama.

Mwaka uliofuata chama chake, DFL, ambacho ndicho Democratic ya huku, kilichukua Baraza, na Januari 2019 akawa Spika. Alikaa kwenye kiti hicho miaka sita. Uje sasa 2023: DFL walikuwa na wabunge 70 kwa 64, seneti 34 kwa 33, na Gavana Walz. Yaani kwa seneti walikuwa na kura moja tu ya ziada, hakuna hata anayeruhusiwa kuugua. Hapo ndipo yalipopita mambo ambayo sisi humu tunayatumia kila siku bila kujua yalikotoka.

Leseni ya udereva, kwa mfano. Tangu 2003 asiye na makaratasi alikuwa hapati leseni Minnesota. Miaka 20 watu walikuwa wanaendesha kwenda zamu ya usiku huku moyo uko mkononi kila taa ya polisi ikiwaka nyuma. Sheria ilitiwa saini Machi 2023, ikaanza tarehe 1 Oktoba mwaka ule ule. Mwezi huo huo wa Machi ikapita ya chakula shuleni: kifungua kinywa na chakula cha mchana bure kwa kila mtoto, bila fomu ya kipato. Halafu likizo ya ugonjwa, saa moja kwa kila saa 30 unazofanya kazi, hadi saa 48 kwa mwaka, tangu Januari 2024. Ninyi mnaofanya kwenye nyumba za wazee na walemavu, kama mwajiri hakuhesabii hizo saa, mdai. Likizo ya malipo ya uzazi na ya kuuguza ilipangwa kuanza tarehe 1 Januari 2026. Na MinnesotaCare kwa wakubwa wasio na makaratasi ilipitishwa mwaka huo huo, ikaanza Januari 2025. Kadi ya shangazi yako ndiyo hiyo.

---

Kutoka: Bukavu55

Mwalimu, asante, umeeleza vizuri, na marehemu simsemi vibaya. Lakini mbona umefika kwenye kadi ukafunga breki? Mwambie kijana na lile lingine. Tarehe 9 Juni 2025, kura ya kuiondoa kadi ilipopigwa, katika DFL wote wa Baraza la Wawakilishi aliyepiga kura ya NDIYO ni mmoja tu. Ni Hortman. Kura 68 kwa 65. Mke wangu aliangalia mpaka mwisho, akazima simu akaenda kulala bila kusema neno. Mama Neema anasema kliniki ya jamii. Sawa, lakini kliniki haikufanyii upasuaji wa nyongo.

---

Kutoka: Mwalimu mstaafu

Ndugu yangu Bukavu, sikufunga breki, nilikuwa navuta pumzi. Umesema kweli tupu, na kijana aijue yote.

Uchaguzi wa 2024 uliacha Baraza 67 kwa 67. Katika mji wa Shakopee mbunge wa DFL alishinda kwa kura 14, na kulikuwa na karatasi 20 za kura zilizopotea. Kesi ikaenda mahakamani, akabaki na kiti. Kule Roseville, mshindi wa DFL mahakama ilimkuta haishi katika eneo alilogombea, akaondoka, na kwa wiki kadhaa Republican wakawa 67 kwa 66. DFL wakagoma kuingia ukumbini ili akidi ya 68 isitimie. Mwisho wakapatana: Lisa Demuth wa Republican awe Spika, kamati zigawanywe sawa. Hortman akarudi kuwa kiongozi wa kundi lake.

Bajeti ilikuwa lazima ipite kabla ya Julai, la sivyo serikali ya jimbo ifunge milango. Sharti la Republican lilikuwa kuwaondoa watu wazima wasio na makaratasi kwenye MinnesotaCare. Walz, Hortman, Demuth na Erin Murphy wa seneti walikubaliana katikati ya Mei. Mswada ulihitaji kura 68 na Republican walikuwa 67. Ilibidi mtu mmoja wa DFL ainuke. Hortman angeweza kumtuma mbunge mgeni, au anayestaafu. Aliipiga mwenyewe, kisha akasimama mbele ya waandishi akilia na kusema anajua watu wataumia kwa kura ile.

Ningekuwa mimi nisingeipiga, nakwambia wazi. Ningesubiri tuone nani ataogopa kwanza serikali ikikaribia kufungwa. Lakini pia nafanya hesabu: zile kura 14 za Shakopee zingeegemea upande wa pili, wangekuwa 68 peke yao, na ndani ya Baraza wasingehitaji kuzungumza na mtu. Kadi za watoto zingepona? Sidhani. Ndiyo maana naudhika mtu mwenye uraia anaponiambia uchaguzi wa jimbo haumhusu, yeye anasubiri wa rais.

---

Kutoka: Dada wa usiku

Ngoja nimalizie, maana hapo ndipo yule wa kazini aliponyamaza. Siku tano baada ya kura hiyo, alfajiri ya tarehe 14 Juni, Hortman na mumewe Mark waliuawa nyumbani kwao na mtu aliyevaa kama polisi. Seneta John Hoffman na mkewe walipigwa risasi Champlin usiku ule ule, wakapona.

Mimi nilikuwa natoka zamu. Simu ikalia ule mlio wa kutisha: jifungieni ndani, na msimfungulie polisi aliye peke yake, polisi wa kweli wanatembea wawili wawili, piga 911 uhakikishe kwanza. Fikiria unamweleza hayo mama yako aliyetoka Kisii juzi, kwamba leo asimfungulie polisi. Tulikaa sakafuni jikoni mbali na dirisha, chai ikachemka hadi ikakauka. Mtu huyo alikamatwa usiku wa siku iliyofuata.

Mwili wa Hortman uliwekwa kwa heshima za mwisho kwenye ukumbi wa Capitol, jengo la Bunge la jimbo kule Saint Paul, tarehe 27 Juni, mwanamke wa kwanza wa Minnesota kupewa heshima hiyo, pamoja na mumewe na mbwa wao Gilbert.

Sasa la kura, Kaka, nisikilize kama dada yako mkubwa. Grini kadi HAIPIGI kura. Si ya rais, si ya jimbo. Na usijaze fomu ya kujiandikisha hata kama kijana mwenye ubao wa karatasi dukani anakubembeleza kwa tabasamu. Swali la kama uliwahi kujiandikisha au kupiga kura liko kwenye fomu ya kuomba uraia, na limeharibia watu maombi yao. Ukienda kuchukua leseni, soma kila kisanduku kabla ya kutia saini.

Unachoruhusiwa ni kugonga milango, kupiga simu, kumwandikia mbunge, kwenda kutoa ushahidi kwenye kamati. Wasio na uraia walijaza vile vyumba vya kamati kwa ajili ya leseni miaka na miaka.

---

Kutoka: Kaka wa Zane

Nimewasoma wote, asanteni sana. Shangazi kapata nafasi ya daktari Jumanne. Swali la mwisho: sasa mbunge wetu ni nani, na barua ya shangazi naweza kumpelekea?

---

Kutoka: Mwalimu mstaafu

Inategemea nyumba, maana Brooklyn Park imekatwa vipande. Kiti cha Hortman, 34B, kilijazwa kwa uchaguzi mdogo tarehe 16 Septemba 2025, akashinda Xp Lee wa DFL, aliyekuwa diwani hapa mjini. Ukiwa 38A, wako ni Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, aliyeingia kwa uchaguzi wa 2024. Huyo hata salamu za Kiswahili ataitikia. Ingiza anwani yenu kwenye tovuti ya Bunge la Minnesota, watakuonyesha mwakilishi na seneta wenu.

Ila usiende kama tunavyomwendea mbunge nyakati za basari kule Kenya. Huyu hana mfuko wa CDF, ule wa maendeleo ya eneo bunge, hana karo ya kukupa, na harambee yako hataijia na bahasha. Alicho nacho ni kura moja kati ya 134 na msaidizi anayejua kupiga simu kwenye idara za jimbo. Leseni imekwama, bima imekatwa kimakosa, malipo ya jimbo yamechelewa: hayo ni ya kwake. Faili la uhamiaji limelala ni la mbunge wa Congress, yaani bunge la taifa, ofisi tofauti kabisa, na ukilipeleka Saint Paul watakurudisha kwa adabu.

Ya shangazi ni ya jimbo. Mwandikie, na umwambie anachokosa mgonjwa wa kisukari bila kadi, bila kutaja jina la shangazi wala hali ya makaratasi yake kwa maandishi. Kikao kijacho kinaanza Februari 2026, na viti vyote 134 vinagombewa Novemba 2026, kwa hiyo wanasoma barua kwa makini kuliko kawaida. Weka anwani yako mstari wa kwanza ili wajue wewe ni wa eneo lao.