Naomba ushauri: mluzi kwenye spika za gari tangu nifunge prosesa ya sauti

Jambo wandugu. Niko hapa Goma, naomba msaada wenu, maana fundi wangu wa mtaa wa Birere amenyoosha mikono.

Gari ni RAV4 ya zamani, redio ni ileile ya kiwandani. Prosesa (kifaa cha kurekebisha sauti) inachukua sauti kwenye nyaya za spika za redio, kisha inaipeleka kwa nyaya za RCA (za kubeba sauti kati ya vifaa) hadi kwenye ampli (kikuza sauti) ya chaneli 4: mbili ni za milango ya mbele, mbili nimeziunganisha kwa ajili ya sabufa (spika ya besi). Nimegawanya sauti kwenye Hz 80: chini ya hapo inaenda sabufa, juu yake milangoni.

Injini ikiwa imezimwa, muziki ni safi kabisa. Nikiwasha, mluzi unaanza, na nikikanyaga mafuta unapanda nao. Nikichomoa RCA kwenye ampli, kimya. Nikizirudisha na kuchomoa nyaya zinazotoka redioni, mluzi unabaki palepale, kwa hiyo redio siishuku sana. Nimekwangua rangi mahali pa masi (waya hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari) ya ampli na kukaza bolti upya (barabara zetu za mawe ya volkano hulegeza kila kitu), nikahamisha RCA mbali na waya wa batri. Bado.

Masi ya prosesa iko chini ya dashibodi, ya ampli iko nyuma. Je, nizilete zote kwenye bolti moja, au kuna kitu cha kupima kwanza? Halafu geini (kiwango cha kukuza sauti): prosesa inatoa volti 4, na ampli nimeifungua karibu nusu. Niishushe kwa kufuata kipimo gani?