DeFord Bailey alitimuliwa redioni kwa rangi yake au kwa hakimiliki?

Sikio_la_Redio: Wadau, Grand Ole Opry, kile kipindi cha kantri cha redio WSM ya Nashville, kilipata jina lake Desemba 1927, usiku ambao DeFord Bailey alikuwa hewani. Kipindi cha NBC, mtandao wa redio wa Marekani, cha muziki wa kizungu wa kisomi kilikuwa kimeisha. Mtangazaji George Hay akamkaribisha Bailey, mtu mweusi, mfupi, mgongo umepinda kwa polio ya utotoni. Akashika kinanda cha mdomo, akapiga Pan American Blues: treni unaisikia inatokea mbali, inakupita, inapotea. Mwaka uliofuata hakuna msanii wa kipindi aliyesikika kumzidi. 1941 wakamtimua. Mimi nasema ni rangi.

Mzee_wa_Kanda: Punguza jazba. Mwaka huo redio za Marekani ziligombana na ASCAP, chama cha watunzi, juu ya ada, nyimbo zao zikaondolewa hewani. Vibao vya Bailey vikanasa humo. Angejifunza vipya angebaki. Hakutaka, akaishia kung'arisha viatu.

Binti_wa_Stendi: "Akaishia"? Baba yangu kapiga kiwi stendi miaka yote ninayomjua. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye lile sanduku. Akimaliza kiatu anapitisha ukucha kwenye mshono, vumbi likibaki anaanza upya. Hiyo kazi usiitaje kama adhabu.

Mzee_wa_Kanda: Mwanangu, sijamtaja baba yako.

Binti_wa_Stendi: Umeitaja kazi yake, mzee wangu. Na Bailey alikuwa na banda lake mwenyewe hapo Nashville. Hakuombaomba.

Juma_Kavu: Kantri ni ya wazungu, mweusi alifuata nini huko?

Kapkatet_Damu: Ya wazungu peke yao tangu lini? Bibi zetu Wakipsigis walisikia santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji mzungu wa kantri, wakamwita Chemirocha, wakamtungia wimbo. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, akaurekodi 1950. Uutafute usikilize kabla hujagawa muziki kwa rangi.

Juma_Kavu: Kusikiliza si kumiliki.

Kapkatet_Damu: Bailey hakusikiliza, alipiga! Tena akizunguka na wenzake wazungu wa kantri kina Roy Acuff, hoteli zilimkataa yeye tu.

Sikio_la_Redio: Jamani, turudi. Mzee wa Kanda, hilo "hakutaka" ni la Hay mwenyewe. Kijitabu chake cha 1945 kilimwita Bailey mvivu, na rangi yake ikatajwa kwenye sentensi hiyohiyo. Hakimiliki haimwiti mtu mvivu. Watu walimpigia simu na kumwandikia barua kwa miaka wakiomba treni ileile, leo iwe kosa lake kuipiga?

Mzee_wa_Kanda: Mgogoro wa ASCAP ulikuwepo, sikuutunga mimi. Ila la viatu nalifuta.

Binti_wa_Stendi: Usifute. Andika vizuri.

Mzee_wa_Kanda: Akaendesha banda lake la viatu Nashville. Samahani, mwanangu, na baba msalimie. Hakimiliki sifuti.