Naomba ushauri: vanishi gani ya kung'aa inafaa kabla ya kubandika stika kwenye ndege ya plastiki?

Mshika_Koleo
Wanajukwaa, habari za wakati huu. Nina ndege ya plastiki ya kuunganisha, Spitfire (ile ya kivita ya Uingereza) ya mizani ya 1/48, ambayo imekwisha kuunganishwa na kupakwa mabaka yake yote. Kilichobaki ni stika za kulowesha kwenye maji, kisha kuifunga kazi kwa vanishi isiyong'aa. Nimesoma kwamba kabla ya stika ni lazima itangulie vanishi ya kung'aa, kwa sababu uso wa rangi isiyong'aa una vijichembe vinavyonasa hewa chini ya stika, na hewa hiyo huja kuonekana kama weupe wa fedha. Hilo nimelielewa. Ninachoomba ni jina tu la vanishi ya kung'aa iliyo bora, kwa kuwa muda wangu ni mfupi na sitaki kubahatisha. Nawasilisha.

RangiMbili
Mkuu, kabla ya kutafuta vanishi, tafuta brashi ya hewa, kile kifaa kidogo cha kupulizia rangi kwa kompresa. Nilihangaika miaka mingi na makopo ya kupulizia, na siku niliyoshika brashi ya hewa yenye sindano ya milimita 0.3 nilijuta kwa muda nilioupoteza. Chukua vanishi ya kung'aa ya Tamiya X-22, ichanganye na thina yake ya X-20A mpaka iwe nyepesi kama maziwa, weka mgandamizo wa kati ya psi 15 na 20, kisha pitisha tabaka jembamba mara mbili au tatu. Usipulize siku yenye unyevunyevu mwingi, maana vanishi inaweza kufanya ukungu mweupe. Ukitaka ushauri wa kompresa isiyopiga kelele, nipo.

Mzee_Praima
Ndugu mleta mada, swali lako haliwezi kujibiwa lilivyo. Hakuna vanishi iliyo bora peke yake. Kuna vanishi inayopatana na rangi iliyo chini yake. Rangi hiyo ni akriliki, ni enameli au ni laka? Na imekaa siku ngapi tangu ipakwe?

Mshika_Koleo
Ahsante, mzee wangu. Ni rangi za kawaida za modeli, zile za makopo madogo. Zimekauka kabisa, ukigusa hazishiki kidole. Kwa hiyo X-22 inatosha?

Mzee_Praima
«Kawaida» si aina ya rangi. Kopo hilo ni la bati au ni chupa? Brashi ilisafishwa kwa maji au kwa thina?

BintiMsasa
Wakati tunasubiri jibu, naomba nimwonye mwenzetu kuhusu kioo cha rubani, kwa sababu mimi kilinitoa machozi. Nilikibandika kwa gundi ya papo kwa papo, ile ya sayanoakrileti, nikafunga modeli ndani ya boksi ili vumbi lisiingie. Asubuhi nilikuta kioo chote kimefunikwa na ukungu mweupe kwa ndani, kwa kuwa mvuke wa gundi ile hutua juu ya plastiki angavu na kuganda. Siku hizi vioo vyangu navibandika kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka inakuwa angavu na ukikosea unaifuta kwa kitambaa kibichi. Najua hukuuliza habari za kioo, ndugu yangu, lakini utanishukuru.

Mshika_Koleo
Dada BintiMsasa, kioo kiko salama, hakikubandikwa na mimi.

Mzee Praima, nimeangalia. Ni makopo ya bati, na brashi zilisafishwa kwa thina inayonuka kama ya mafuta. Naona hiyo ni enameli. Pengine ilinipasa kusema tangu mwanzo kwamba ndege hii si yangu. Ni ya baba mkwe. Aliiunganisha na kuipaka kwa brashi ya mkono, kijani na kijivu juu, kijivu kilichofifia chini, na alimaliza yapata miezi miwili iliyopita. Stika zimemshinda kwa sababu mikono yake inatetemeka na macho hayaoni tena mambo madogo, akaniomba nimmalizie. Stika zake za zamani zilikuwa zimegeuka manjano, nikanunua karatasi nyingine nzuri sana, ya ndege iliyopigana katika mapambano ya anga ya Uingereza mwaka 1940.

Vanishi nimekwisha kuinunua: ni kopo la kupulizia la laka ya kung'aa. Mkebe wake umeandikwa wazi kwamba inafaa kwa modeli za plastiki, na watu wengi wanaisifu kwa ugumu wake. Kwa hiyo swali langu sasa ni umbali wa kupulizia tu: sentimita 20 au 30?

Mzee_Praima
Umbali unaokufaa ni kuirudisha laka hiyo kabatini. Nisome taratibu.

Enameli haikauki kama laka. Laka hukauka kwa viyeyushi kuruka hewani, basi. Ukiimwagia viyeyushi vyake tena, italainika. Enameli, baada ya thina yake kuruka, inaendelea kushika hewa ya oksijeni na kujifunga yenyewe kwa yenyewe kwa siku nyingi, na utando wa juu huwa mgumu mapema kuliko wa ndani. Ukiipulizia laka, viyeyushi vikali vinapenya, utando unavimba, na kwa kuwa hauna pa kutanukia, unakunjamana. Maneno «inafaa kwa plastiki» ni ya kweli kabisa, ila yanahusu plastiki, hayahusu enameli ya mtu mwingine. Ndiyo maana tunatanguliza laka chini, akriliki ikafuata, na enameli tukaiacha iwe ya juu, kwa mfano ile rangi nyembamba ya kujaza mistari ya mabati.

Miezi miwili ni muda mzuri, lakini brashi ya mkono huacha tabaka nene. Nusa ndani ya shimo la gurudumu. Ukisikia bado ile harufu ya mafuta, haijaiva.

Kiraka
Mimi nitasema lisilohusu kemia. Ndugu, umekabidhiwa amana na mzee mwenye mikono inayotetemeka. Kazi yake ya mwisho ya brashi iko mezani kwako. Ungemwuliza yeye alitumia rangi gani kabla ya kuwauliza watu usiowajua, na ungemwuliza pia kama anaitaka karatasi hiyo mpya ya stika. Mkwe mwema huuliza kwanza.

Tone_la_Mwisho
Mkwe mwema hununua modeli mbili za aina moja, anaharibu ya kwanza na kurudisha ya pili. Najua ninachokisema, rafu yangu ina ndege tatu ambazo wenyewe wanaamini ni zao.

Mshika_Koleo
Kiraka, nakuheshimu, lakini kumwuliza kungemfanya adhani siiwezi. Nilitaka kumshangaza.

Na kuhusu laka, sikuwa mzembe kama mnavyodhani. Nilizungushia tepu ya kuzibia, nikafunika sehemu yote ya juu, nikajaribu upande wa chini wa bawa la kushoto peke yake, mahali ambapo hapaonekani ndege ikisimama. Sehemu kubwa imetoka vizuri. Kuna pembe moja tu ambayo haikutulia.

Mzee_Praima
Kwa hiyo umekwisha kupuliza. Tunajadili maiti, ndugu zangu, na mwenyewe anatuuliza dawa ya homa.

Hakiki
Nimeufuatilia uzi huu tangu mwanzo na sasa naomba kusema wazi: siamini kama ndege hii ipo. Katika bandiko la kwanza ilikuwa imekamilika na ni yake. Tulipouliza aina ya rangi, akatokea baba mkwe. Tulipomkataza laka, likatokea bawa lililoharibika. Kila swali linaongeza sura mpya ya hadithi, na hakuna picha hata moja.

Tena rangi zenyewe zinamsuta. Ndege za kivita za Uingereza zilizopigana kiangazi cha mwaka 1940 zilikuwa na kijani na udongo uliokolea juu, na chini rangi ya Sky, yaani kijani kilichofifia sana. Kijivu cha Ocean Grey kilichukua nafasi ya udongo kuanzia Agosti 1941, na hapo ndipo tumbo nalo likawa la kijivu cha Medium Sea Grey. Mzee aliyetumia miezi kupaka Spitfire kwa mkono hawezi kukosea jambo hilo, na ni mtunzi wa hadithi tu anayeweza kumvisha ndege ya kijivu stika za 1940.

Kama ndege ipo, igeuze sasa hivi. Niambie rejeta zilizo chini ya mabawa zikoje, na pangaboi lina mapanga mangapi.

BintiMsasa
Hakiki, huo si ukali uliopitiliza? Mtu anaomba ushauri, anapewa mtihani.

Mshika_Koleo
Nimeigeuza. Rejeta ni mbili, moja kila bawa, na zinalingana kwa umbo na ukubwa. Pangaboi lina mapanga manne.

Kwa kuwa umetaka ushahidi, nitaeleza ninachokiona badala ya kukificha. Mikunjo imeanza kwenye pembe ambapo ukuta wa rejeta ya kushoto unakutana na bawa, imesambaa kuelekea shimo la gurudumu, na eneo lote halizidi ukucha wa dole gumba. Inafanana na ngozi ya kidole kilichokaa majini muda mrefu. Katikati rangi imepasuka na plastiki yenyewe inaonekana, bila praima (rangi ya msingi) yoyote chini yake. Nilipobandua tepu, ikaondoka na kipande chembamba cha kijivu kwenye ukingo, kama uzi. Mahali pengine palipopulizwa panang'aa, ila kucha ikigandamiza inaacha alama. Nimenusa shimo la gurudumu. Harufu ipo.

Sikuandika hayo mwanzoni kwa sababu nilitumaini mtu angenitajia vanishi ambayo ingeyafunika.

Hakiki
Basi ninakuomba radhi kuhusu ndege, na ninabaki na neno moja kuhusu stika. Spitfire za 1940 hazikuwa na rejeta zinazolingana: chini ya bawa la kulia palikuwa na rejeta kubwa ya pembe nne, na la kushoto lilikuwa na kipoza mafuta kidogo chenye umbo la nusu mwezi. Mbili zinazolingana pamoja na mapanga manne ni dalili za toleo la Mark IX, lililoanza kazi mwaka 1942. Kwa hiyo baba mkwe yuko sahihi kutoka pua hadi mkia, na karatasi uliyonunua ndiyo yenye kosa.

Karatasi yake ya zamani bado ipo? Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki angavu, uibandike kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua, na umanjano utapungua kadiri siku zinavyopita. Ikishafifia, kata kwanza stika moja usiyoihitaji uiloweshe. Ikivunjika vipande majini, zilizobaki zipake vanishi ya kung'aa juu yake na ziache zikauke kabla ya kuzikata, ili zipate utando wa kuzishikilia.

RangiMbili
Na kwenye stika hizo mtumie dawa za kuilaza stika: Micro Set chini na Micro Sol juu. Ila Micro Sol ikishailainisha stika, usiiguse hata ikikunjamana. Hiyo ni mikunjo ya heri, itajinyoosha yenyewe ikikauka. (Brashi ya hewa bado nakushauri.)

Mzee_Praima
Sasa tunaweza kuzungumza. Bawa hilo usiliguse kwa siku 14 angalau, na kama kucha bado inaacha alama, ongeza. Ukisugua rangi laini, msasa utaibeba kama matope. Ikishakuwa ngumu, chukua msasa wa maji namba 1000, uloweshe, ukate kipande kidogo kinachoweza kuingia kwenye pembe, na uondoe mikunjo polepole mpaka ukingo kati ya plastiki na rangi usionekane kwa kidole. Malizia na namba 2000. Kisha osha, kausha, na urudishie rangi ileile, kutoka kopo lilelile, kwa brashi. Usichanganye rangi yako kwa kukisia. Kijivu cha kopo jingine hakitalingana.

Rangi hiyo ikiiva, vanishi yako ni akriliki ya maji, kama ya Vallejo, tabaka jembamba kwa jembamba. Viyeyushi vyake ni vipole kwa enameli iliyoiva. Na ukirudi kupuliza laka siku nyingine kwenye kazi yako mwenyewe, vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke. Ile ya vumbi haizuii kitu.

Hilo kopo la kijivu, analo nani?

Mshika_Koleo
Baba mkwe.

Kiraka
Sisemi kitu.

Mshika_Koleo
Narudi baada ya siku tatu. Nilikwenda kwake kuomba kopo la kijivu cha tumbo, nimeandaa maelezo marefu kuhusu doa dogo la vumbi. Hakuniuliza ni la nini. Alilitoa kabatini, akaongeza na brashi moja bapa ambayo sikuiomba, akasema ndiyo ile aliyopakia karibu na rejeta ya kushoto, kwa kuwa brashi nyingine haziingii kwenye ile pembe.

Juzi alipita kwangu nikiwa nje, na ndege ilikuwa mezani.

Tone_la_Mwisho
Aliigeuza.

Mzee_Praima
Aliigeuza, na amekupa brashi sahihi. Kopo hilo likoroge kutoka chini kabisa kwa dakika tano nzima kabla ya kulitumia, maana enameli iliyokaa miezi miwili huwa imetuama, na ukichukua ya juu tu itang'aa na kuwa nyeusi kuliko ya kwake.