Yah: Mita iliyokula pauni kumi, na LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya mama Mafinga, Tanzania

Kutoka: Dada wa Mafinga, Inverness

Kamwene ndugu zangu,

Mdogo wetu wa Aberdeen ameuliza kwa nini pauni 10 alizoacha kwenye mita yake ya umeme wa kulipia kabla zimeyeyuka wakati yeye alikuwa kwao Makambako wiki tano na nyumba imefungwa. Naomba nijibu kwa urefu, maana jambo hili limenigusa huku na nyumbani pia.

Huku tunalipia uniti, halafu kuna tozo ya kila siku inayokatwa hata kama hujawasha taa. Piga kwa peni 60: siku 35 ni pauni 21. Kwa hiyo hela yako iliisha kabla hujafika nusu ya likizo, zilizobaki zimekaa kama deni, na ukiweka pesa mpya mita inaanza kujilipa yenyewe. Ukisafiri tena, zidisha tozo kwa siku zako kisha uache kiasi hicho. Na deni likiwa kubwa, wapigie kampuni mapema uombe likatwe kidogo kidogo.

Wengi pia wanadhani kikomo cha bei kinachotangazwa na Ofgem, msimamizi wa nishati wa huku, kila miezi mitatu ni kikomo cha bili. Sivyo. Ni kikomo cha bei ya uniti na cha ile tozo. Ukitumia zaidi, unalipa zaidi.

Kinachoniuma ni kwamba tozo hiyo haifanani eneo na eneo. Sisi wa kaskazini mwa Scotland tunalipa zaidi ya wenzetu wa London, na huku ndiko mitambo ya upepo ilikosimama hadi kwenye upeo wa macho. Kulikuwa na mjadala mrefu wa kugawa bei ya jumla ya umeme kwa kanda, ili penye umeme mwingi uwe nafuu. Julai 2025 serikali ikaamua bei ibaki moja kwa nchi nzima. Majirani zangu wazee, wanaokaa na koti ndani ya nyumba, walisikitika sana. Nami nilisikitika nao.

Niliwaza mto wetu wa Ruaha Mkuu, nao unaotoa umeme. Maji yanashuka kutoka milima yetu, yanapita Usangu, yanazungusha mitambo ya Mtera na Kidatu, megawati 80 na 204. Hata kwetu kuna walioumia: mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu, ardhi oevu ya Usangu, na kupungua kwa maji ya mto huo ilikuwa sababu mojawapo. Lakini angalau kwetu mwenye mita Mafinga na mwenye mita Masaki ya Dar es Salaam, wakiwa kundi moja la matumizi, wanalipa uniti bei ileile. Hilo naliona ni haki, na tusikubali liguswe.

Sasa la mama. Juni baridi ya Mafinga mnaijua. Nikamtumia hita ya wati 2,000. Akaiwasha kwa muda wa saa mbili kila jioni, yaani uniti 4 kwa siku, 120 kwa mwezi. Mama alikuwa D1, kundi la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambako uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi. Akahamia T1, kundi la matumizi ya kawaida, uniti shilingi 292. Ukiweka VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) 1, ile shilingi 10,000 iliyompa uniti 82 sasa inampa 28. Mwezi ambao kodi ya jengo ya 1,500 inakatwa humo humo, anabaki na 23 na ushei. Alinipigia akiuliza kama nimepunguza hela ya matumizi ninayomtumia. Sikupunguza hata shilingi, na nililia siku hiyo.

Hita nimeiondoa. Nimemnunulia mablanketi mazito na chupa ya maji moto, na mdogo wangu ameenda ofisi ya umeme kuomba mita irudishwe D1. Jiko la mkaa chumbani nimelikataza kabisa, milango ikifungwa lile linaua. Kabla hujatuma kifaa cha umeme nyumbani, soma wati zake, zidisha kwa saa, uone kama 75 zitatosha.

---

Kutoka: Kaka wa Tukuyu, Leicester

Dada, asante na pole kwa mama. Naongeza moja kwa wenye nyumba zilizofungwa Uyole au Tukuyu: kodi ya jengo hailali. Usiponunua umeme miezi sita, 9,000 zinakusubiri, na mpangaji mpya ndiye atakatwa siku ya kwanza. Mimi yangu ilimkata kijana wa watu, nikamrudishia kwa simu. Mwambieni mpangaji mapema, au nunueni umeme kidogo kila mwezi kutoka huku.

---

Kutoka: Mdogo wa Makambako, Aberdeen

Shikamooni. Nimeelewa sasa, na deni ni pauni 11 kama dada alivyopiga hesabu. Jumatatu nitawapigia. Dada, nyumbani kwetu nilimwachia baba birika la umeme. Ni wati 2,200, ila analiwasha dakika chache tu asubuhi. Leo jioni namuuliza anatumia uniti ngapi kwa mwezi.