Saa 40 za "kujitolea" kwa lazima: fomu yangu imegongwa mhuri na hasira bado ninazo

Wakuu, leo natema nyongo, mnivumilie.

Chuoni kwetu huhitimu bila saa 40 za kujitolea. Kujitolea, kwa lazima, kwa saa za kuhesabiwa, na ukikosa mhuri jina lako haliingii kwenye orodha ya wahitimu. Nilimuuliza mratibu kama hapo neno "kujitolea" halijakosewa. Akaniambia niache ujuaji.

Haya, sikilizeni sasa. Kundi letu la watu 12 lilipangiwa makao ya wazee. Tukapewa fulana, dodoso la maswali 15 na maelekezo ya kupiga picha (nembo ya chuo ionekane, mzee awe anatabasamu). Mimi nikaangukia kwa bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha. Nikamwamkia, nikavuta stuli, nikafungua dodoso. Hata sijauliza, akaanza yeye:

"Andika, mjukuu wangu. Miaka 81. Watoto watatu, mmoja katangulia. Usingizi napata kidogo. Chakula kinaridhisha. Kinachonifurahisha ni kutembelewa na vijana." Akanyamaza, akanitazama. "La saba nimeliruka, lile la dini. Ninyi kwa nini hamwachiani majibu?"

Bibi wa watu alikuwa ameshika mpaka mpangilio wa maswali! Dodoso ni lilelile, muhula kwa muhula. Majibu yanakwenda wapi? Naamini yako kwenye kabati fulani, kama hata hilo kabati yalilifikia.

Nikakunja makaratasi, nikamuuliza, bibi, wewe mwenyewe ungependa tukusaidie nini? Alicheka kwanza. Halafu akanituma nimletee bahasha ya kaki iliyokuwa chini ya mto wake. Ndani mna barua tatu kutoka ofisi inayoshughulikia pensheni ya marehemu mumewe. Ya kwanza inamtaka apeleke nyaraka. Ya pili inamkumbusha. Ya tatu inamwarifu kwamba jalada limefungwa kwa kuwa hakujibu. Macho yake hayashiki tena maandishi madogo, na wahudumu ni wawili kwa zamu, wana kugeuza wagonjwa na kufua mashuka, nani atakaa kumsomea mtu barua? Haki yake alikuwa anailalia kila usiku bila kujua imeandikwa nini.

Kufika jioni tulikuwa tumeshapata wazee sita wa namna hiyo. Mmoja jina lake limekosewa herufi moja tu kwenye kitambulisho na kwa herufi hiyo hahudumiwi popote. Tukarudi kwa mratibu na wazo letu, tena mbio mbio, tukidhani atafurahi: saa zilizobaki tuwasomee wazee barua zao, tuwaandikie majibu, na wanaoweza kutembea tuwasindikize huko maofisini wawili wawili. Kundini tulikuwa na watu watatu wanaosoma sheria. Watatu!

Jibu: haimo kwenye orodha ya shughuli zinazokubalika. Zinazokubalika ni usafi, kupanda miti, kupaka rangi na kutembelea wahitaji. "Mambo ya kufuatilia maofisi ya watu ni siasa hayo, mtaniletea matatizo."

Siasa. Kumsomea bibi barua.

Basi saa zilizobaki tukafagia uwanja. Uwanja wenyewe mhudumu alikuwa ameshaufagia alfajiri ili wageni (yaani sisi) tukute pasafi. Tukaufagia tena, tukapigwa picha.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba kijarida cha chuo kinajisifu kuwa huu ndio mpango wa "kujifunza kwa kuhudumia". Jina hilo lina wenyewe, jamani. Walioanza kulitumia ni Robert Sigmon na William Ramsey, huko Marekani, mwaka 1967. Mwaka 1979 Sigmon akaliwekea kanuni tatu: anayehudumiwa ndiye ashike usukani wa huduma; huduma imwache na uwezo mkubwa zaidi wa kujihudumia na kuhudumia wengine; na anayehudumia naye ni mwanafunzi hapo. Pimeni wenyewe. Usukani alikuwa nao nani, bibi au orodha ya mratibu? Na hiyo ya kujifunza ndiyo kichekesho, maana hatukukaa hata dakika tano kujadili inakuwaje ofisi inamwandikia mtu asiyeona barua tatu kisha inafunga jalada. Fomu ina sehemu ya "umejifunza nini" yenye mistari miwili. Nikaandika "upendo", nikasaini. Ndiyo, na mimi nimo.

Najua watakuja wa "bila lazima hamtoki bwenini ninyi". Sibishi sana. Ontario, Kanada, mwanafunzi wa sekondari anadaiwa saa 40 ndipo apate cheti. Maryland kule Marekani ni 75. Lazima yenyewe naweza kuimeza. Ila mwaka 1999 Arthur Stukas, Mark Snyder na Gil Clary walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa chuo waliolazimishwa hivi hivi, wakaona kwamba anayejihisi kaburuzwa, hamu yake ya kujitolea huko mbele inaweza kupungua. Sisi tulikuwa tunaomba kufanya zaidi ya tulichotumwa, tukazuiwa. Mjue pia wapo wenzetu ambao hawakukanyaga popote, mjomba mwenye taasisi kawagongea mhuri, na saa zao 40 hazina tofauti na zangu.

Nyongeza: wanaouliza kama nilirudi, nilirudi. Jumamosi, peke yangu, bila fulana. Mlinzi getini kanitaka barua ya utambulisho kutoka chuoni, na barua hiyo anaiandika mratibu yuleyule. Nimeomba mara mbili, naambiwa saa zangu zimekamilika, sina shida tena kule.

Zile barua za bibi nilizipiga picha kwa ruhusa yake, picha pekee ya siku ile isiyo na nembo. Mwenye uzoefu na mambo ya pensheni anisaidie: jalada likishafungwa, barua ya maelezo inatosha kulifungua, au mpaka mwenyewe afike? Ya mwisho ina miezi mitano sasa.